Injini Mpya, Saa za Zamani: Nini Kibaki Kwenye Dashibodi ya Datsun 240Z

Anayeng'oa injini ya asili kwenye Datsun 240Z na kupandikiza 2JZ ya Toyota au LS1 ya Chevrolet hutumia miezi akiumiza kichwa na mauntingi, gia boksi, propela shafti na rejeta. Geji huja mwisho, pesa zikiwa zimekwisha na hamu ya kupiga stata ikiwa imepanda. Kwa hiyo uamuzi hufanywa kwa macho. Mmoja hununua seti nzima yenye taa za buluu, mwingine hubandika skrini, wa tatu huacha saa za kiwandani mahali pake na kuunganisha waya zile zinazokubali kuunganishwa. Wote watatu wameanzia pasipostahili. Swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: injini hii ikianza kufa, itakufa kwa njia gani, na kati ya dalili ya kwanza na uharibifu dereva atakuwa na muda kiasi gani? Muda huo ndio unaopaswa kuamua kipi kisomwe na sindano, kipi kipewe taa, na kipi kiondolewe kabisa machoni pa dereva kikaachiwa kompyuta.

Inafaa kutazama kwanza kilichokuwapo. Nissan ilipoitoa 240Z kwa mwaka wa modeli wa 1970, ilimwekea dereva saa mbili kubwa nyuma ya usukani, spidomita na geji ya mzunguko wa injini, kisha tatu ndogo katikati ya dashibodi zikiwa zimegeuzwa kumwelekea. Katika hizo ndogo, uso mmoja una joto la maji na presha ya oili, wa pili una ameta na kiwango cha mafuta, na wa tatu ni saa ya kutazamia wakati. Injini iliyokuwa ikisomwa ni L24, silinda sita za mstari, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili. Afrika Mashariki inalijua gari hili kwa sababu nzuri: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena mwaka 1973. Injini ya namna ile, isiyo na turbo wala kompyuta, huanza kulalamika mapema. Joto hupanda kidogo kidogo mlimani, presha ya oili hushuka mwezi hadi mwezi kadiri beringi zinavyolika, na mwenye masikio husikia kabla ya kuona. Saa tano zile zilitengenezwa kwa ajili ya matatizo ya polepole, na kwa kazi hiyo zilitosha.

Injini mpya hubadilisha kasi ya matatizo. Chukua oili. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, krankshafti inapiga mizunguko 100 kila sekunde. Sekunde tatu bila oili ni mizunguko 300 ya chuma juu ya chuma. Na katika kazi ya kupandikiza, sampu ndiyo sehemu inayokatwa na kuchomelewa mara nyingi zaidi, kwa sababu ile iliyokuja na injini hugonga krosimemba au reki ya usukani. Sampu iliyobadilishwa umbo bila vizuizi vya ndani huruhusu oili kukimbilia upande mmoja kwenye kona ndefu au breki kali, na pampu ikavuta hewa. Presha huanguka kwa sekunde moja au mbili kisha hurudi. Geji za zamani za aina ya bimetali, zile ambazo sindano yake husukumwa na kipande cha chuma kinachopata joto la umeme, huchukua sekunde kadhaa kufika zinakokwenda. Tukio zima linaweza kuanza na kwisha bila sindano kusogea, na dereva akatoka kwenye kona akiamini mambo ni shwari. Baada ya kona kama hizo kumi au ishirini injini inanoki, na fundi wa mtaani analaumiwa kwa beringi alizofunga vizuri tu.

Kwa sababu hiyo presha ya oili inahitaji vitu viwili kwa pamoja. Sindano ni kwa ajili ya mwenendo wa muda mrefu: kujua kwamba mwaka huu, oili ikiwa moto na injini ikiwa sailensa, presha iko chini kuliko mwaka jana. Taa ni kwa ajili ya ajali ya ghafla. Lakini taa ya kiwandani haifai kwa kazi hii ikiachwa kama ilivyo, kwa kuwa swichi yake kwa kawaida huwasha taa presha ikishashuka hadi kama baa 0.3 hadi 0.5, kiwango ambacho kwa injini iliyo kwenye mzunguko mkubwa ni sawa na kutokuwa na presha. Zipo swichi za kununua zinazowasha taa kwenye baa 1.4 hivi. Tatizo lake ni kwamba injini nzima yenye oili ya moto inaweza kushuka hadi karibu na hapo ikiwa imesimama kwenye foleni, taa ikawa inawaka bure, na taa inayowaka bure huzoeleka haraka. Suluhisho bora ni kompyuta ya kuprogramiwa inayolinganisha presha na mzunguko wa injini. Kanuni ya zamani ya mafundi wa mashindano ni takriban baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Asiye na kompyuta hiyo achague swichi ya juu, ajue itamsumbua kwenye foleni, na akubali usumbufu huo. Ni bora kuliko ukimya.

Geji ya mzunguko wa injini ndiyo inayodanganya kwa utaratibu zaidi, na hapa hesabu ni muhimu. Injini ya mipigo minne hutoa cheche moja kwa kila silinda katika mizunguko miwili, hivyo koili ya silinda sita hutoa mapigo matatu kwa mzunguko mmoja na ya silinda nane hutoa manne. Geji ya 240Z ilitengenezwa kuhesabu matatu. LS1 ni ya silinda nane, lakini haina koili moja ya kuhesabiwa. Kila silinda ina yake, na kompyuta yake hutoa ishara maalumu ya geji yenye mapigo mawili tu kwa mzunguko, kama injini ya silinda nne. Ukiipeleka ishara hiyo kwenye geji inayotarajia matatu, injini ikiwa kwenye 6,000 sindano itaonyesha 4,000. LS1 mwisho wake ni 6,000. Dereva anayeiamini sindano anadhani bado ana nafasi kubwa, kumbe yuko ukingoni. Juu ya hayo, geji ya 240Z za kwanza haisomi volti hata kidogo. Husoma mkondo wa umeme unaopita kwenye waya wa koili uliozungushwa nyuma yake, na ishara dhaifu ya kompyuta ya kisasa haiwezi kuichezesha. Kwa mwenye 2JZ, idadi ya silinda inalingana na ya L24, ila aina ya ishara hailingani. Katika hali zote mbili dawa ni ile ile: uso wa asili ubaki, mashine ya ndani ibadilishwe kwa mota ndogo ya kisasa inayoweza kupangiwa idadi ya mapigo, na alama nyekundu isogezwe ifuate injini mpya. Hatua hii ya mwisho husahauliwa sana. Uso wa geji hii unafika 8,000, na alama iliyochorwa kwa L24 humwambia mwenye LS1 jambo lisilo kweli kila anapoitazama.

Joto la maji lina mtego wake. Watengenezaji wa magari waligundua zamani kwamba sindano inayocheza huwatia wateja wasiwasi na kuwarudisha gereji bila sababu. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mazda MX-5: modeli za mwanzo zilikuwa na geji ya presha ya oili iliyosoma presha halisi, lakini kuanzia modeli ya 1995 ikawekwa nyingine inayoendeshwa na swichi tu, sindano ikipanda hadi mahali pamoja na kukaa hapo mradi kuna presha kidogo. Kwenye joto la maji desturi hiyo imeenea zaidi. Sindano za magari mengi ya miaka ya 1990 na kuendelea hukaa katikati injini ikiwa na nyuzi 80 au 100, na husogea pale tu hali inapokuwa mbaya. Hii ndiyo sababu siungi mkono njia ya mkato inayopendwa na wengi, ya kuhamisha saa nzima za gari lililotoa injini, iwe Aristo au Mark II, kwa hoja kwamba waya zinaingiliana moja kwa moja. Waya zinaingiliana, ni kweli. Lakini saa hizo zilipangwa kumtuliza mwenye gari la kiwandani lenye rejeta iliyopimwa na wahandisi. Gari lililopandikizwa injini lina rejeta ya kubuni, feni ya kubuni na nafasi finyu ya hewa kutoka chini ya boneti. Linahitaji sindano inayotembea, ili mwenyewe ajue kwamba mlima fulani huipandisha hadi 98 na foleni fulani hadi 102, na siku inapofika 108 mahali pale pale ajue kuna kitu kimebadilika.

Hata sindano ya kweli ina udhaifu ambao ni lazima uandaliwe. Sensa hupima kile kinachoigusa. Mpira wa maji ukipasuka na maji yakaisha ghafla, sensa hubaki kwenye hewa na mvuke, ambavyo haviipi joto kama maji yanavyoipa, na sindano inaweza kushuka wakati hedi ya aluminiamu inajikunja. Dereva anaona joto limepungua, anashukuru, anaendelea. Kinga ni sensa ya pili: ya kiwango cha maji kwenye tanki la akiba, ya presha ya mfumo wa maji, au ya joto iliyofungwa kwenye chuma cha hedi chenyewe. Yoyote kati ya hizo ipewe taa. Hapa tena muda ndio unaoamua, maana kuchemsha kwa kawaida huchukua dakika na sindano inatosha, ilhali kumwaga maji yote huchukua sekunde.

Kuhusu spidomita sina mengi. Ile ya asili huzungushwa na kebo. Spidomita za Kijapani za enzi hiyo zilifuata kipimo cha mizunguko 637 ya kebo kwa kilomita. Gia boksi nyingi za kisasa hazina pa kuchomeka kebo, zina sensa ya mapigo. Kuna visanduku vyenye mota vinavyopokea mapigo hayo au ishara ya GPS na kuizungusha kebo ile ile ya zamani kwa kasi sahihi, na hivyo uso, sindano na namba za kilomita vyote hubaki. Spidomita ikikosea kidogo haiui injini. Inaweza kuleta faini, na hilo ni jambo la kurekebishwa kwa utulivu.

Ameta, kwa upande wake, itoke, wala sioni hoja ya kuitetea. Iliwekwa kwenye njia kuu ya umeme, ikipitisha mkondo wa alteneta ndogo ya wakati ule. Injini ya kisasa ina pampu ya mafuta ya umeme, feni za umeme, sindano za mafuta na koili kadhaa, na alteneta yake hutoa ampea 100 au zaidi. Kupitisha mkondo huo kwenye waya na viungo vya miaka hamsini nyuma ya dashibodi ya plastiki ni kuomba moto. Nafasi yake ichukuliwe na voltimita ndani ya uso ule ule. Kwa injini ya kabureta volti hazikuwa jambo la kufa na kupona; kwa injini ya kompyuta ni uhai wenyewe, kwani zikishuka sana kompyuta huzimika na injini nayo. Sindano ikikaa kati ya 13.8 na 14.4 injini ikifanya kazi, mambo ni sawa. Ikianza kuzama chini ya 13 usiku taa zote zikiwa zimewashwa, bado kuna muda wa kutosha kufika nyumbani.

Kanuni ya muda hunipeleka kwenye hitimisho ambalo wapenzi wa turbo hawatalipenda. Geji ya upepo wa turbo na ile ya uwiano wa hewa na mafuta ndizo zinazonunuliwa kwanza, na ndizo zinazomfaa dereva kwa uchache zaidi akiwa barabarani. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, na injini ya turbo chini ya mzigo mzito hupangiwa karibu na 11.5 au 12 ili isipate joto la kuyeyusha pistoni. Pampu ya mafuta ikichoka wakati huo, uwiano hupanda na pistoni inaweza kutoboka ndani ya sekunde chache. Katika sekunde hizo dereva anatazama barabara, na anapaswa kuitazama: kwa kilomita 100 kwa saa gari hupita mita 28 kila sekunde. Hakuna jicho litakaloona namba, kuielewa na kuinua mguu kwa wakati. Vipimo hivyo ni vya thamani kubwa kwa anayeiprogramu injini, na vinapaswa kurekodiwa na kompyuta iliyopewa mamlaka ya kukata mafuta au kushusha upepo. Kuvipachika kwenye nguzo ya kioo cha mbele ni kumkabidhi dereva jukumu asiloweza kulitimiza.

Wapo watakaosema kwamba kama kompyuta inaweza yote hayo, geji zenyewe zimepitwa na wakati. Hoja hii ina nguvu kwa kompyuta za kuprogramiwa za leo, lakini injini nyingi hupandikizwa pamoja na kompyuta yake ya kiwandani, na ile ya 2JZ haikuundwa kuzima injini presha ya oili inapoanguka; swichi huwasha taa, basi. Hata kikomo cha mzunguko kina mwisho wake. Hukata mafuta injini inapopanda yenyewe, lakini dereva akikosea gia akaingiza ya pili badala ya ya nne, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na hakuna kompyuta itakayoyazuia. Zaidi ya hapo, kompyuta hutambua kuvuka mpaka iliowekewa. Mwenendo wa miezi, kama sindano inayokaa upana wa nywele chini ya pale ilipozoea kukaa, huonwa na mwenye gari.

Wengine hutetea skrini moja inayoonyesha kila kitu. Skrini ina sifa nzuri: husoma ishara za kompyuta moja kwa moja, huhifadhi kumbukumbu, hutoa tahadhari kwa rangi. Kasoro yake ni kwamba namba ni lazima isomwe, wakati sindano hutambulika kwa mwelekeo wake tu. Ndiyo maana madereva wa mashindano wa zamani walizungusha geji zao kwenye matundu mpaka sindano zote zikawa zimesimama wima mambo yakiwa sawa. Kutazama mara moja kulitosha kuona iliyoinama. Katika 240Z, ambayo geji zake ndogo ziko katikati ya gari mbali na mstari wa macho, sifa hiyo ni muhimu kuliko wingi wa taarifa. Skrini iwekwe ndani ya sanduku la dashibodi, ifunguliwe gari likiwa limesimama.

Nao wapenzi wa asili husema kugusa saa za kiwandani ni kuharibu historia. Naliheshimu jambo hili, na ndiyo sababu napendekeza nyuso za asili zibaki na mashine za zamani zihifadhiwe kwenye boksi, ili atakayerudisha L24 siku moja azikute. Lakini historia haihifadhiwi na sindano inayosema uongo kuhusu injini iliyopo.

Kinachobaki ni ufundi wa kuunganisha, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Geji ya umeme hupima ukinzani tu, kwa hiyo lazima inunuliwe pamoja na sensa yake. Geji za mafuta za GM tangu katikati ya miaka ya 1960 husoma ohmu 0 tanki likiwa tupu na 90 likijaa, wakati nyingi za kuuzwa madukani Marekani husoma 240 likiwa tupu na 33 likijaa. Ukizichanganya, tanki tupu litaonekana limejaa. Sensa ya joto ya kompyuta isidokolewe waya kulisha geji, kwa sababu geji itavuruga kipimo na kompyuta itamwaga mafuta kwa kudhani injini ni baridi au itayanyima kwa kudhani ni moto. Itobolewe nafasi ya sensa ya pili. Matundu ya oili ya injini za Kijapani yana nyuzi za BSPT, 28 kwa inchi, na sensa za Kimarekani zina NPT, 27 kwa inchi. Zinaingia mizunguko michache kana kwamba zinafanana, kisha ama zinavuja ama zinapasua chuma. Adapta sahihi ni kitu kidogo cha bei ndogo. Na sensa ya waya mmoja hupata ethi yake kupitia nyuzi hizo hizo, kwa hiyo tredi tepu ikizungushwa kwa wingi hukata ethi na kuifanya sindano isome isichokiona.

Kila geji ipimwe kabla dashibodi haijafungwa. Sensa ya joto itumbukizwe kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, mwili wake ukiwa umeunganishwa na ethi ya betri, na sindano ilinganishwe maji yanapopanda. Anayefanya hivyo Nairobi akumbuke kwamba kwenye mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam, asije akailaumu geji iliyo sahihi. Presha ya oili ilinganishwe na geji ya mkono ya gereji iliyofungwa kwenye tundu lile lile, injini ikiwa moto. Taa za tahadhari zote ziwake swichi inapofunguliwa, kabla ya stata, na ile isiyowaka itafutwe sababu siku hiyo hiyo.